Kikombe cha Maziwa Kwenye Mutura

Mpendwa Wanjiku,

Barua yako imefika, nikaisikia baridi ya Kanada mpaka mifupani. Huku Eldoret tuko salama. Baba yako amevuna mahindi, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza kwa nini mutura yako haina ladha ya nyumbani. Nyama ya kukatakata, damu, vitunguu, dania, pilipili, yote ndani ya utumbo wa mbuzi: hapo hujakosea. Kuna kitu sikuwahi kukuambia.

Tulipogawiwa vipande vya shamba la mzungu tulilochanga kulinunua, kila aliyehamia alichinja mbuzi akawaonjesha majirani mutura. Kwetu Wakikuyu hiyo ni kazi ya wanaume, na babu yako alifariki kabla ya kuukanyaga udongo tulionunua. Nilimfunga mbuzi, nikakaa nikimtazama. Jirani yangu Kibet, Mkalenjin aliyekuwa akichunga ng'ombe wa huyo mzungu, akavuka ua.

"Mama, lete kisu."

Hakuwa amewahi kutengeneza mutura. Nilimwelekeza nikiwa kando, lakini kwao damu huchanganywa na maziwa, akamimina kikombe kizima kabla sijafungua mdomo. Nikamwacha aendelee. Majirani walikula wakaacha kuniita mgeni.

Tangu hapo mimi huweka kikombe kimoja cha maziwa. Jumapili Kibet, ambaye sasa uzee umemsahaulisha mengi, alikuja na mkongojo wake, akala, akanishukuru: "Nyinyi Wakikuyu mlifanya vizuri kufikiria maziwa."

Nilimwongezea kipande.

Akupendaye,
Bibi yako, Cucu