Mtu wa Saba

Mshauri mpendwa, leo anayeomba msaada ni mimi niliyezoea kuombwa, maana hapa Amagasaki kila mtu anajua kwamba lugha ya vijana niliijua kabla haijazaliwa, enzi za peja, vile vidude vya kupokea namba kabla ya simu za mkononi, duka langu la okonomiyaki, zile chapati za kabichi, lilikuwa likijaa wasichana wa sekondari, vidude vinalia pii-pii mpaka chapati zinajigeuza zenyewe, wanatumiana namba tupu, 14106 ni "nakupenda", nami nilikuwa nazisoma toka jikoni kwa kusikia mlio tu, na kulikuwa na msichana mmoja akikaa kona anacheka mpaka nafunga, ah, siku zile, hakuna aliyenuna!

Sasa Chinatsu, binti wa dada yangu, yuko chuo kikuu, anaifundisha kompyuta kutambua hisia katika maneno ya vijana ya kwenye simu, na kompyuta haijui kitu mpaka watu waisomee sentensi walizotoa wanafunzi na kuibandika kila moja jina la hisia, hii furaha, hii huzuni, hii hasira. Kila sentensi ilitakiwa isomwe na watu watatu, mmoja wao mimi, wale wawili wakashikwa na mafua, nikamwambia, "Lete na zao, mjomba wako ana macho sita." Nikazimaliza zote kwa namba yangu huku nageuza chapati, karibu zote furaha, maana vijana wakicheka huandika "majani", kwa kuwa herufi w za kicheko zikijipanga hufanana na nyasi, na anayecheka ana furaha, au sivyo?

Jumapili akaja dukani na kompyuta yake, akaipa sentensi: "Wiki nzima sijaongea na mtu, majani." Ikajibu: furaha.

"Hii ilibandikwa na mtu wa saba," akasema, maana wasomaji hutajwa kwa namba tu, hata yeye hajui ipi ni ya nani. "Huyu hajawahi kulia, nini?"

"Labda ana bahati yake."

"Mjomba, hii niliiandika mimi." Akacheka, akala, akaondoka.

Mtu wa saba ni mimi. Aprili kompyuta hiyo itaanza kusoma jumbe za wanafunzi wenye shida pale chuoni, nikisema jina langu mjini limekwisha, nikinyamaza silali. Nifanyeje?

Tetsuji, Amagasaki

JIBU

Bwana Tetsuji, pole, lakini jina lako mjini liweke kando. Mpwa wako amekwambia usoni kwamba wiki nzima hakuongea na mtu, nawe ukamwacha aondoke. Kompyuta ina udhuru, mwalimu wake ni wewe. Wewe una udhuru gani?

Siku zako za zamani hakuna anayekunyang'anya. Hata mimi nilikuwa na peja, na utamu wake naujua. Najua pia kukaa kona ya duka ukiisubiri ilie, nayo hailii. Yule binti aliyekaa mpaka ukafunga, uliwahi kumuuliza kwa nini haendi kwao?

Kesho usifungue duka. Funga chapati moja ya moto, panda treni, mwambie Chinatsu: "Mtu wa saba ni mimi." Ulichobandika chote kifutwe, kisomwe upya na vijana wenyewe, na kabla ya hapo kompyuta isiguse ujumbe wa mwanafunzi yeyote. Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake. Kisha muulize ile wiki ilikuwaje, ufunge mdomo.

Na akicheka, usibandike kitu. Subiri.