Barua Iliyokaa Nyuma ya Saa: Kwa Dympna Brophy

Hukuwa na mshahara. Hukuwa na akaunti ya benki, wala koti ambalo dada yako Philomena hakulivaa kwanza. Hukuwa na siku ya mapumziko, wala kiti chako mwenyewe mezani, kwa kuwa viti vilikuwa sita na sisi tulikuwa saba. Hukuwa na kitabu cha posho ya watoto chenye jina lako. Kile ulichokipeleka posta kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kiliandikwa jina la mumeo. Na mwishowe, walipohesabu stempu za michango kwenye kadi yako ya bima, ili upate pensheni, hukuwa nazo za kutosha.

Ijumaa hii mwaka unatimia, Dympna, tangu ulipotuacha, katika nyumba ileile ya Mtaa wa Mtakatifu Laserian uliyoingia ukiwa bibi harusi wa miaka ishirini na mitatu. Mumeo Malachy ndiye anayeandika haya kwa niaba ya wote. Amewasomea watoto kila mstari kabla ya kuupeleka gazetini, na hapana aliyeomba mstari wowote ufutwe.

Wengi mjini wanakukumbuka kwa mikate yako ya magadi kwenye sherehe za parokia. Wazee wachache wanakumbuka sauti yako. Kabla ya ndoa ulifanya kazi miaka saba kwenye mitambo ya simu, na mji mzima ulipita masikioni mwako: nani anaumwa, nani kauza ng'ombe, nani anampigia asiyestahili kumpigia. Hukutoa siri ya yeyote. Sheria ya wakati ule ilimtaka mwanamke aliyeajiriwa serikalini akiolewa aache kazi. Ulirudisha vipokea sauti Ijumaa, ukaolewa Jumamosi.

Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya bahasha. Mumeo alitoka kiwanda cha sukari na mshahara wake ukiwa haujafunguliwa, akauweka mkononi mwako. Hivyo ndivyo mwanamume wa heshima alivyofanya mtaani kwetu. Aliyefungua bahasha njiani habari zake zilifika nyumbani kabla yake. Uliipasua kwa kisu cha siagi, ukazigawa pesa kwenye makopo ya chai juu ya kabati la vyombo: kodi, makaa, maziwa, viatu, mazishi. Mwishoni lilikuwapo kopo dogo lililoandikwa "Shule ya Baba".

Kuanzia Oktoba hadi baada ya Krismasi, viazisukari vilipoingia kiwandani kwa matrekta, saa za ziada zilikuwa nyingi. Kiangazi mkono ulikauka. Kwa hiyo viatu vya Septemba ulivinunua Januari, ukikisia miguu ya watoto watano itakuwa imekua kiasi gani. Ulikosea mara moja tu, kwa Fintan, naye alitembea na magazeti kwenye ncha za viatu mpaka Pasaka.

Mkesha wa Watakatifu Wote uliponda viazi na kabichi, ukaficha ndani yake sarafu zilizofungwa kwa karatasi, kama kila nyumba. Watoto walizipata, wakazishangilia. Jumatatu ukapita na kopo.

"Benki inakopa," ulisema.

"Italipa lini?" aliuliza Ita, kifungua mimba wetu, wakati ule akiwa na miaka minane, ngumi ameifumba nyuma ya mgongo.

"Benki haijibu maswali kabla muuza maziwa hajalipwa. Hebu lete, mama, usiniaibishe mbele ya wateja wengine."

Ita akafumbua mkono. Anasema bado anakudai peni tatu, na ameomba iandikwe hapa.

Mumeo alisoma jioni za Jumanne na Alhamisi kwa miaka sita: hesabu za ofisi, uchoraji wa mitambo, utunzi. Kola ya shati lake ilipochakaa uliifumua, ukaigeuza, ukaishona upya, ili akae mbele ya walimu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Akawa msimamizi wa zamu. Cheti chake kipo sebuleni ndani ya fremu, na wageni wamekwisha kuonyeshwa mara nyingi kuliko walivyotaka. Ada ilitoka kwenye makopo yako. Hilo wageni hawakuambiwa.

Halafu sheria ikabadilika. Watoto walikuwa wanne, wa tano hajazaliwa, na ofisi ya simu ikakuandikia kwamba ukitaka, nafasi ipo. Uliisoma ile barua umesimama, na unga mikononi.

"Baba Ita, wameniita. Wanataka watu wanaoijua ile mitambo."

"Na watoto utamwachia nani?"

"Asubuhi Concepta wa jirani atawashika, nimeshamuuliza. Jioni mbili ungebaki wewe."

"Jumanne na Alhamisi nina darasa."

"Najua una darasa. Hata soli ninazobandika kila mwezi zinajua."

Akacheka, nawe ukacheka. Kisha akasema jambo alilokuwa nalo tangu mwanzo. "Watu watasema Malachy ameshindwa kulisha nyumba yake."

"Watu! Hao watu wakileta gunia la makaa hapa mlangoni, nitawakaribisha waseme mpaka wachoke."

Alisema hapana. Hakupandisha sauti wala hakupiga meza. Alisema mara moja, na siku zile mara moja ilitosha. Uliikunja ile barua ukaitandika chini ya kopo la makaa, lililokuwa likichafua kabati kwa kutu. Hukuitaja tena. Angetamani ungeitaja.

Ulipofika umri wa pensheni ulipeleka maombi kama watu wote. Yakarudi. Stempu za ile miaka saba ya simu hazikufikia idadi iliyotakiwa, na ile miaka ishirini na saba, kutoka ndoa hadi Kieran wetu wa mwisho alipoondoka nyumbani, ilikuwa mistari mitupu. Ungeweza tu kuongezewa kitu kidogo juu ya pensheni ya mumeo, kama mtegemezi wake. Ulilirudia hilo neno, "mtegemezi", ukiwa umesimama karibu na sinki, kama mtu anayeonja maziwa kujua kama yameharibika.

Uliwapigia simu ofisi ya pensheni kwa ile sauti yako ya zamani. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu. "Mama, kumbukumbu zetu zinaonyesha miaka hiyo hukuwa unafanya kazi."

"Mwanangu," ulimwambia, "ungenipigia miaka hiyo nisingepata hata mkono wa kushikia simu."

Alicheka, akasema pole, akakata. Fomu ikaja nyingine, na baada yake nyingine. Pesa zenyewe, ulisema, hazingebadili chakula cha mtu. Ulitaka senti moja tu ije na jina lako juu ya bahasha.

Mwaka mmoja kabla hujaanguka, uliiandikia ofisi hiyo barua ya mwisho kwa penseli, kurasa mbili za daftari, ukampa mumeo.

"Wewe ndiye msomi. Ninyooshee lugha, halafu nitatia saini."

"Tangu lini nyumba hii ikaomba?"

"Siombi, Malachy. Nadai."

"Nitaiangalia."

Akaichomeka nyuma ya saa ya ukutani. Ulimkumbusha wakati wa kiangazi. Akasema herufi za penseli zinamsumbua macho. Ulimkumbusha tena Novemba, ukiwa unamkatia kucha za mguu ambazo mwenyewe hazifikii tena, akasema wiki hii. Macho yake yalikuwa mazima. Aliona haya barua ile ipite posta ya mji huu, mikononi mwa watu waliomjua kama msimamizi, ikisema kwamba mke wa Malachy Brophy hana chochote chake. Huo ndio ukweli, na unaandikwa kwenye gazeti ambalo watu hao hao wanalisoma.

Februari ulianguka mlangoni ukiwa na ndoo ya makaa. Siku tatu baadaye ulitutoka. Concepta akafunika kioo, kama inavyopasa nyumba ikifiwa, akamgeukia mumeo. "Simamisha saa, Malachy. Ni kazi yako." Mumeo akainua mkono kuushika uzito unaobembea wa saa, na vidole vyake vikagusa karatasi.

Baada ya mazishi saa ilitiwa mwendo tena. Barua haikurudi nyuma yake. Ilikaa mfukoni mwa koti lake la kanisani mwaka mzima, na jioni nyingi aliitandaza mezani, kalamu mkononi, ili atimize ahadi ya kuinyoosha. Ameisoma zaidi ya alivyowahi kusoma kitabu chochote cha darasani. Hakupata cha kusahihisha. Ulianza hivi: "Ninaandika kuhusu miaka ishirini na saba ambayo mnasema sikufanya kazi, na ninaomba mnionyeshe ni siku ipi kati ya hizo nilikaa." Kisha ukaendelea kwa utulivu, jambo baada ya jambo, kama mtu anayeunganisha simu. Mwalimu wake wa utunzi angeisoma mbele ya darasa.

Wiki iliyopita Ita alikuja kutoka Dublin, akaiona mezani.

"Baba, mtu akifariki faili lake hufungwa. Hakuna atakayeisoma."

"Najua."

"Watakutumia kadi ya rambirambi iliyopigwa chapa, basi."

"Najua, Ita."

"Sasa unapeleka ya nini?"

"Iliandikwa ili ipelekwe."

Hatuna faraja ya kuwapa wanaosoma. Kiwanda kilibomolewa zamani. Makopo bado yapo juu ya kabati, matupu, na mumeo anapanguza vumbi lake kila Ijumaa kwa kuwa hajui kitu kingine cha kufanya siku hiyo. Pensheni yake inaingia benki bila bahasha. Ananunua mkate dukani. Ni mkate mbaya.

Misa ya kukukumbuka itasomwa Jumapili saa tano asubuhi, na chai itakuwa kwa Concepta, ambaye ameomba watu waje na vikombe vyao kwa sababu ya mwaka ule mnaoujua, vyake vilipokwenda na wageni visirudi.

Unakumbukwa na mumeo Malachy. Na watoto wako Ita, Fintan, Colman, Assumpta na Kieran. Na wakwe zako. Na wajukuu tisa, ambao wawili kati yao wana sauti yako. Na dada yako Philomena, anayesema koti la kijani lilikupendeza kuliko lilivyompendeza yeye. Na Concepta wa nyumba ya pili. Siku zilizobaki kwetu zote ni za kukukumbuka, Dympna, na hatutazimaliza.

Mwisho wa ukurasa wa pili ulikuwa umeacha nafasi ya saini. Hapana mwingine mwenye haki ya kuijaza, na haikujazwa. Chini yake mumeo ameandika kwa wino: "Imeandikwa na Dympna Brophy mwenyewe. Imecheleweshwa na mumewe." Leo asubuhi ameikunja palepale ulipoikunja wewe, ameifunga bahasha kwa ulimi na kuibana kwa kiganja mpaka ikashika, ameandika jina lako kwa ukamilifu upande wa mtumaji, na amekwenda nayo kwa miguu hadi posta ya mji, dirishani, mbele ya watu, akaituma.