Mama Neema, Anande Halali Tena Mchana

Mama Neema,

Nimekaa jikoni kwenye kiti chako. Jana nimeambiwa jambo ambalo mpaka sasa halijanikaa kichwani, na wa kumuuliza ni wewe peke yako. Ndiyo maana naandika. Nikienda kuongea kwa sauti pale kwenye kaburi lako, wapita njia watasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na wapo wanaosubiri kusema hivyo.

Nianze na za nyumbani. Kahawa ya upande wa mfereji imeiva vizuri. Yule ng'ombe mwekundu alinigomea kumkamua mpaka nikavaa gauni lako la shambani, ndipo akatulia. Cheka tu. Mimi sikucheka siku ile.

Sasa mjukuu wako. Tulipomaliza kukuzika, Neema alitaka kumchukua mwanawe Anande akakae naye mjini, Sokon One, kwenye kile chumba kimoja, awe anamwacha kwa mama mmoja anayelea watoto wakati yeye yuko saluni. Akaniuliza, "Baba, utamweza peke yako?" Nikamjibu kwa kiburi kabisa, "Kwani mchana nani alikuwa anamlaza?"

Si uongo, nilijua hivyo. Tukishakula loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando, unasema, "Baba Neema, nisaidie kumlaza huyu, mimi ananisumbua." Nanung'unika kidogo, navua viatu, napanda naye kitandani, namwimbia wimbo wa kanisani nusu. Nikija kuzinduka yupo pembeni yangu, keshaamka, anacheza na vifungo vya shati langu, na wewe uko nje unafagia. "Umemlaza vizuri," unasema. Nilijivuna mpaka kwa wazee wenzangu pale kanisani, kwamba mtoto yule bila mimi halali.

Basi ulivyoondoka, usingizi wake wa mchana nao ukaondoka. Macho makavu. Anapanda kitandani, ananivuta sikio, anaomba maji, anashuka, anapanda tena. Nikasema ni majonzi, mtoto hajafika hata miaka mitatu, atayaeleza vipi. Nikamshibisha, nikamtembeza kwenye migomba. Nilijaribu hata kumbeba mgongoni kwa kitenge chako. Sikujua kufunga, akaning'inia huku kiunoni, vijana wa bodaboda wakasimamisha pikipiki zao kuangalia.

Na Neema anapiga simu kila mchana. "Baba shikamoo. Amelala?" Nami nasema, "Marahaba. Amelala," huku amenikalia tumboni. Nilijua nikisema kweli atakuja kumchukua. Mama Neema, nyumba hii nikibaki na redio tu sitaiweza. Nalisema wazi kwa sababu kwako sina la kuficha.

Halafu ikaja siku ile. Tulipanda kitandani kama kawaida, usingizi ukanichukua mimi, na nilipofumbua macho upande wake palikuwa patupu. Mlango umesindikwa. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani tangu usiku na mfereji ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda kwa kasi. Nilikimbia peku. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Nilitazama majini, Mama Neema. Nilitazama majini kwa kumtafuta.

Nikamkuta kwa Mama Eliya, jirani yetu, amekaa na wale mbuzi wadogo anakula ndizi. Mama Eliya hakushangaa hata kidogo. "Shikamoo mzee. Mbona unahema? Huyu amekuja kama kawaida yake." Nikauliza kawaida gani. Akasema, "Si saa hizi ndiyo walikuwa wanapita na bibi yake kukata majani ya ng'ombe, wewe ukiwa umelala?" Kisha akashika mdomo, kama mtu aliyemwaga maziwa.

Sikumwamini. Nilirudi na mtoto begani nikijitetea moyoni kwamba mimi nilikuwa nalaza, sikuwa nalala.

Kesho yake nikajilaza naye nikajifanya nimelala, nikakoroma kabisa. Akatulia kidogo. Kisha nikasikia kidole kinaniinua kope, taratibu, anachungulia ndani ya jicho langu. Akaachia. Akageukia mlangoni akasema kwa kunong'ona, "Bibi, babu kalala."

Akasimama juu ya godoro akainua mikono yote miwili ili abebwe.

Alisubiri muda mrefu, mikono juu. Hakulia. Baadaye alishuka mwenyewe kwa tumbo, akaenda kuangalia nyuma ya mlango. Nami mtu mzima nililala pale macho nimeyafumba kwa nguvu, nikiogopa kuyafungua kwa sababu sikujua nimwambie nini. Alipoanza kuusukuma mlango ndipo nikainuka nikamfuata.

Kwa hiyo jana Jumamosi, Neema alipokuja, nikamweleza yote. Kwamba hajalala mchana hata mara moja tangu mazishi. Kwamba nimekuwa nikimdanganya kwenye simu. Kwamba alinipotea mfereji ukiwa umejaa. Nilitegemea anipigie kelele, na ningemkubalia. Akaniangalia kwa namna yako ile ya kuinamisha kichwa, akasema, "Baba, Anande ameacha kulala mchana tangu kabla ya Krismasi. Aliyekuwa analala ni wewe."

Nikamwomba arudie.

Akanikumbusha ile siku ya zahanati. Daktari aliniambia presha yangu haitaki mchezo, mchana nipumzike. Nikamjibu nitalalaje mchana, mwanaume mzima wa Kimeru, ng'ombe wakiniangalia. Ulicheka, ukanyamaza, na mimi nikadhani nimeshinda. Kumbe ulimwambia Neema, "Baba yako nikimwambia alale atakataa. Nikimwambia amlaze mtoto atakubali." Basi nikianza kukoroma unamtoa Anande mikononi mwangu, unamfunga mgongoni, unashuka naye kukata majani, na kabla sijaamka unamrudisha pale pale ubavuni kwangu. Ukamfundisha na kuchungulia jicho. Mama Eliya alijua. Mzee wa kanisa alijua. Nadhani hata ng'ombe alijua.

Nimepigwa na butwaa mpaka leo asubuhi kanisani sikusikia neno la mahubiri. Nahesabu vitu ambavyo havikuwa kama nilivyoviona. Kila mchana ule niliodhani nakusaidia, kumbe nilikuwa mzigo wa tatu, baada ya mtoto na majani. Na hapo ndipo linapokuja swali langu. Wewe ulikuwa unapumzika saa ngapi?

Nijibu. Asubuhi hukukaa, jioni hukukaa. Ile saa moja ya katikati, ambayo mtoto angelala nawe ungejinyoosha, mtoto alishaiacha, na iliyobaki ukanipa mimi. Ulipoanguka hapa jikoni na kichujio cha chai mkononi, hospitali walisema ni presha. Presha, Mama Neema. Tulikuwa tunapima yangu. Yako hakuna aliyekumbuka kuipima, na wewe hukusema.

Nimekukasirikia. Jana usiku niligeukia ukuta ili nisiutazame upande wako. Ulinifanya mtoto, ukanilaza kama mtoto, mtaa mzima ukajua. Kisha nikafikiri, ungeniambia kweli ningekubali? Nisingekubali. Unanijua. Ndipo hasira ikaniisha na yaliyobaki sitayaandika, karatasi imeshalowana vya kutosha.

Neema sikumwomba kitu. Nilikwenda mwenyewe chumbani nikaanza kukunja nguo za mtoto, zile sweta ulizofuma, nikaziweka kwenye mfuko. Alikuja akasimama mlangoni. Akazitoa moja moja akazirudisha kabatini. "Abaki, baba," akasema. "Lakini ulale." Wamekwishaongea na Mama Eliya: tukimaliza kula atakuja kumchukua Anande mpaka niamke. Kule kwenye mfereji Eliya na wenzake wataweka uzio wa miti. Na kila mwezi nipimwe presha, Neema akiwepo aone kwa macho yake. Nilikubali upesi kuliko siku niliyokubali kukuoa, na siku ile unakumbuka sikuchelewa.

Leo tumeanza. Kabla Mama Eliya hajafika nilimkalisha Anande kitandani nikamwambia kwamba bibi haji, bibi amekufa, hata babu akilala bibi haji. Sikuwa nimewahi kumwambia kwa maneno hayo. Alinitazama. Akauliza kama umekwenda kukata majani. Nikasema hapana. Akaniuliza viatu vyangu nitavua saa ngapi.

Nikavua. Nililala mlango ukiwa wazi kabisa, anayepita aone. Alipita mzee mwenzangu wa kanisani na panga lake begani, akasimama, akaniangalia. Sikuinuka.

Nakuahidi hili: kila mchana nitalala, na mtu akiniuliza nitasema nimelala, sitasema nilikuwa namlaza mtoto. Nitapimwa. Majani nitakata mimi asubuhi na mapema. Na Anande atalelewa katika nyumba hii mpaka afike umri wa chekechea, akijua bibi yake alikuwa mtu wa namna gani.

Kwaheri, mke wangu. Kuna neno ambalo sikuwahi kukuambia hata mara moja, ulipokuwa hapa na mgongo wako umechoka, kwa sababu nilidhani nilikuwa nalitenda. Nakuambia sasa.

Pumzika, Mama Neema. Mtoto ninaye.

Mumeo,
Baba Neema