Mtambo Ulipomkata Kengele

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ripita, mtambo unaopokea sauti za redio na kuzirusha mbali zaidi, imekwamakwama tangu asubuhi, nikapanda mlimani tena. Betri moja imevimba. Nimeibadilisha, nimekaza nyaya, nimefukuza nyigu kibandani. Bila mtambo huu wa kileleni redio zetu hazivuki hata kilima kimoja. Ukiwaka, nesi wa bondeni anaongea na dereva wa lori upande wa pili kama wako meza moja.

Jioni mke wangu kaita majina redioni. Bado ndiye mwita majina wa chama chetu cha redio, ingawa kahamia kwa dada yake. Hewani tunamwita Kengele. Mimi Kobe — jina alilonipa mwenyewe tukiwa wachumba, kwa mapenzi! Siku hizi analisoma kama karani.

"Kobe?"

"Nipo."

"Nimekupata. Anayefuata."

Ndiyo mazungumzo yetu yote. Nimeosha sahani moja, nimelala.

Jumatano, 5 Machi

Nimekutana na shemeji dukani. Nikamuuliza hali ya mdogo wake. Mzima, kasema, na huo mlima wako haujambo? Kanichoma! Mke wangu naye aliniambia hivyo hivyo siku anabeba mabegi: kauoe huo mlima. Nimenunua sabuni nikaondoka. Chenji nimeisahau.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Baada ya kuita majina Kengele kakalia maikrofoni. Kitufe kimebonyea, redio inarusha kila kitu, mkoa mzima unasikia! Kumwonya haiwezekani, anayerusha hasikii. Kwanza zikagongana sufuria. Kisha shemeji: unarudi kwake au hurudi, useme tujue moja.

Nilipaswa kuzima. Sikuzima.

Kengele kasema kachoka kupika cha watu wawili akala peke yake. Kasema mimi si mtu mbaya, na hilo ndilo linalomuumiza zaidi. Akalia. Miaka yote ya ndoa sijamsikia akilia vile. Akapenga kamasi, akasema, "Lakini Kobe akija mwenyewe, mlangoni, akaniomba, mimi nita—"

Kimya.

Mtambo umemkata! Mtu akishika hewa dakika tatu mfululizo unamfungia, asiwazibie wengine. Na aliyeutega hivyo ni mimi. Kwa mikono yangu hii! Nita nini? Nitarudi? Nitamfukuza? Nimelia mpaka mto umelowa.

Ijumaa, 7 Machi

Kila mtu ana jibu lake. Fundi viatu anaapa ni "nitarudi". Nesi anasema "nitamsamehe", halafu anaongeza kuwa kusamehe si kurudi. Asante sana, nesi! Dereva wa lori kasema kwa sauti ile ni "nitammwagia maji". Wakacheka. Nikacheka nao, roho inaniuma.

Jioni nimekwenda. Nimefika mpaka kona ya kwa shemeji, taa ya jikoni naiona. Leo bado sijui. Nikigonga, nitajua. Nimerudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika redio ikiwa imewaka. Kengele anaita majina, sauti kavu, kama hakuna lililotokea. Lakini anajua, wamemwambia.

"Kobe?"

"Nipo," nikasema. Kidole kikakataa kuachia. Nikamwambia: juzi ulikatwa, nilikusikia mpaka pale kwenye "nita". Malizia, mke wangu. Jibu lolote.

Mbele ya mkoa mzima! Aibu gani hii.

Kisha, "Nimekupata. Anayefuata. Nesi?"

Basi. Ndilo jibu lenyewe. Nilitaka nini tena?

Ila nesi hajaitikia.

"Nesi?" Kimya. "Dereva?" Yule mropokaji — hata kukohoa! "Fundi viatu?" Wapo, najua wapo, wamefunga midomo tu. Wanamngoja.

Kabonyeza tena. Nasikia pumzi yake. Nyuma shemeji anamwambia jambo, silipati. Hasemi. Na kitufe hajakiachia.