Alama za Agosti

Harlan Creek, Pennsylvania
Jumatatu, 20 Oktoba

Mdogo wangu Bernadine,

Nakusalimu wewe na shemeji Walt, nikitumaini goti lake limezikubali ngazi za nyumba mpya. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao hunilalamikia tangu nilipostaafu kufundisha biolojia. Uliniuliza habari za mjukuu wangu Tessa, kwa sababu barua iliyopita nilimtaja kwa mstari mmoja tu. Hii isome umekaa.

Unaijua meza yetu ya Jumapili. Mwanangu Dale, kocha wa futboli yetu ya Kimarekani, ile ya helmeti na kugongana, haachi kumchokoza Tessa kwa kuwa golikipa wa soka. Mwezi Agosti alisema tena kwamba kwenye soka mtu akipulizwa na upepo anabebwa kwa machela. Tessa akamjibu kwamba mjomba na watu wake wanavaa magodoro mwili mzima, wao wana soksi tu. Mama yake, Marlene, alicheka mpaka akamwaga mchuzi. Nami nikaingiza somo, kama kawaida yangu: helmeti hulinda fuvu, si ubongo, ubongo huelea ndani kama pichi kwenye chupa, na chupa ikitikiswa, pichi hugonga kioo. Golikipa anayejitupa miguuni pa watu, nikasema, hana hata helmeti. Dale akasema pichi za vijana wake ni ngumu, na tukaendelea kula.

Mwisho wa Septemba goti la mshambuliaji lilimpiga Tessa kwenye panja la kushoto. Hakubaki chini. Aliinuka upesi, akautazama uzio alikosimama Dale, akaupiga mpira mbele. Muuguzi wa timu alimtoa hata hivyo.

Shuleni hapa kila mchezaji, wa helmeti na wa soka, hufanya mtihani wa kompyuta kabla ya msimu: kukumbuka maneno, kubonyeza kitufe umbo linapojitokeza. Alama huhifadhiwa. Akiumia kichwa huurudia, na zikilingana na za mwanzo, pamoja na daktari kumkagua, hurudi uwanjani. Tessa aliurudia baada ya siku tisa, akazipita alama zake za Agosti. Tulifurahi. Marlene alimpikia pierogi za viazi anazozipenda.

Mechi ya pili tangu arudi, shuti la kawaida kabisa lilimgonga upande uleule. Alisimama, akajifuta matope, akaanza kutembea kuelekea goli la wapinzani. Watu wengine walicheka, wakidhani anatania.

Sasa ni siku ya kumi na moja yuko chumbani, mapazia yamefungwa. Hawezi kusoma. Huniuliza kama mechi imekwisha, namjibu, kisha huniuliza tena. Dale huja kila jioni, anakaa kwenye ngazi na kofia mkononi, hana mzaha hata mmoja. Daktari ametuambia haelewi, kwa kuwa mtihani ulionyesha amepona. Alhamisi atampima upya, na atalinganisha na Agosti.

Bernadine, mimi naelewa. Vijana wa Dale wana desturi ya kujifanya wazito wa kufikiri kwenye mtihani wa kwanza, ili alama za mwanzo ziwe za chini na hata wakigongwa waonekane wazima. Siku ile ya Agosti nilikuwa nampeleka Tessa kwa gari. Alikuwa na hofu ya kuwekwa benchi mwaka ambao makocha wa vyuo wanakuja kutazama na kuchagua wachezaji. Nikamweleza jinsi ya kufanya, taratibu, kama ninavyoeleza kila kitu: usahau maneno matatu, uhesabu moja mbili kabla ya kubonyeza. Nilifundisha habari za ubongo miaka thelathini na minne. Nilitaka tu asikae nje, na Dale anyamaze.

Jana, katika saa yake nzuri, aliniuliza kama amwambie daktari. Nikamwambia apumzike kwanza. Hilo ndilo linaloniamsha.

Marlene yuko chini anakunja nguo. Nikifunga bahasha hii nitateremka nimwambie, kisha tumpigie daktari. Lakini hata nikisema yote, alama za kweli za kichwa chake kilipokuwa kizima hakuna anayezijua, wala hakuna pa kuzipata tena. Akipona, hatutajua amepona kiasi gani.

Mbusu Walt kwa niaba yangu, na umwombee mtoto. Ukitaka kunikemea, andika. Nitasoma kila neno.

Kaka yako,
Emil Hudacek