Mwanasha Ameomba Maji

Jumanne

Mwanasha ameomba maji! Mtoto wangu, ambaye majirani walisema hatajua lolote, ameomba mwenyewe.

Alichukua kata ya kifuu mtungini, akaniwekea mkononi, akanitazama. Ndivyo alivyotufunza sisi wazazi mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu: msinunue kitu, tumieni vya nyumbani. Kata ni maji, mwiko ni chakula, kipande cha leso ni kulala. Kila mara namshikisha kwanza ndipo nampa. Wenzangu walichoka, mimi sikuchoka. Bongwe nzima nani kama mimi?

Lakini huu mdomo wangu! Palepale nilimpigia mama mkwe Shimoni. "Shikamoo mama, mjukuu wako ameomba maji!"

Akapiga vigelegele. "Basi nakuja na mawifi zako tumsikie akisema. Na zikiwa ni porojo zako, narudi naye huku kwa mganga. Hiyo shule yenu ya vifuu imetosha."

Ningemwambia hapo hapo kwamba mtoto hajatamka neno. Nikasema tu karibuni. Na mume wangu, neno la mamake halipingi.

Tangu alasiri namwambia Mwanasha, sema maji, mama, sema "ma" tu. Anacheka, ananipa kata. Nimelia mbele yake.

Wakimchukua, kule nani atajua anataka nini? Akishika kata watamnyang'anya, wakidhani anachezea vyombo, na yeye ana kiu...

Ya Rabi, ulimi wake ukichelewa, wape wao macho. Wanakuja wote, na majirani niliowaalika kwa majigambo, Ijumaa baada ya swala.