Mashine ya Makaburi Haiwaki

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiua kompyuta ya ofisi. Naandika hivyo ili angalau mahali pamoja pasemwe kweli.

Ilikuwa na kirusi wiki mbili sasa. Matangazo yanaruka yenyewe kwenye skrini — viatu, bahati nasibu, wanawake wanaotaka kuongea na mimi — mbele ya watu waliokuja kuulizia kaburi la baba yao! Nani alikileta hicho kirusi? Mimi. Flashi yangu, yenye tamthilia ninazoangalia ofisini watu wakipungua. Nikasema nitakitoa kimya kimya kabla Mkuu hajajua. Si wananiita Mtaalamu?

Mchana Bi Futi alikuwa kwenye maziko, kule sehemu D, na wachimbaji. Nikabaki peke yangu. Nikapakua programu ya kusafisha, ya bure. Ikaskani. Vitu arobaini na kimoja, vyote vyekundu. Ikauliza: nifute kimoja kimoja au vyote? Vyote. Sikusoma hata mstari mmoja. Ikasema zima, uwashe. Nikazima. Nikawasha.

Skrini nyeusi. Mstari mmoja mweupe, juu kushoto: mfumo haukupatikana.

Nilizima na kuwasha mara tisa. Mara ya tisa nilikuwa naibembeleza kwa mdomo, kama mtoto anayekataa kula.

Bi Futi akaingia na vumbi hadi magotini, futi yake imening'inia shingoni. Miaka thelathini na moja anapima viwanja vya makaburi hapa. Jina lake la nyumbani nadhani hata Mkuu halijui. Julai anastaafu. Akaitazama skrini.

"Imelala?"

"Inajisasisha, Mama."

"Basi tuiache ipumzike." Akaifunika kwa kitambaa chake.

Makaburi elfu tisa na ushee yamo humo. Miezi saba alinisomea madaftari ya zamani, jina kwa jina, mimi naandika. Akifika kwa mtoto mchanga alikuwa anasita kidogo kabla ya kusoma. Kisha madaftari yakapakiwa kwenye gari, yakapelekwa ghala la makao makuu. Huko hakuna anayejua yalikowekwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata ya mlinzi kunywa chai yake. Flashi ya kuwashia mashine nilishaitengeneza nyumbani kwenye kompyuta ya mke wangu. Nikamwambia ni kazi ya ofisi. Si uongo — ndiyo kazi yenyewe!

Nimefungua boksi, nimepuliza vumbi, nimebadilisha waya wa diski. Hakuna. Nimewasha kwa flashi, nikaandika zile amri nilizonakili kwenye karatasi. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikajibu kwamba kwenye diski hii haioni kitu. Ya tatu — skrini ya bluu, vidoti vinazunguka, inazima, inawaka, vidoti vinazunguka, inazima. Nikajiambia hayo ni maendeleo. Saa nzima nimekaa naangalia vidoti.

Saa nne Mkuu akaingia. Anataka orodha ya viwanja vilivyo wazi, akauliza mashine ina nini. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema lolote Bi Futi akatangulia.

Akasema: labda ni mimi. Ijumaa kilitokea kisanduku, sikukielewa, nikabonyeza "ndiyo".

Najua kisanduku kile. Kilikuwa cha printa. Printa ilikuwa inaomba wino! Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake alipobonyeza.

Mkuu akashusha pumzi. Akasema alijua tu, hizi mashine si za kila mtu. Akanigeukia: Mtaalamu, ni kweli kubonyeza kitu kunaweza kuharibu hivi?

Nikasema inawezekana.

Inawezekana! Sikusema ndiye. Sikusema siye. Nililisema neno hilo moja na masikio yakawaka moto. Unatamani ardhi ipasuke ikumeze — na hapa kwetu ardhi haina shida ya kumeza watu. Haikupasuka.

Jumatano, 6 Machi

Mtu mmoja amekuja kutoka mbali. Amevaa suti iliyokunjika kwa safari, ana mkoba mmoja. Mama yake alizikwa hapa miaka sita iliyopita, yeye akiwa nje ya nchi. Basi lake la kurudi ni saa tisa. Anajua jina na mwaka, basi.

Kwa mashine ni kazi ya dakika moja. Unaandika jina, inakuletea sehemu, mstari, namba.

Bi Futi akachukua futi na kofia, akamwambia twende, mwanangu, nitakusaidia kukumbuka. Walianza saa tatu. Nami nikafuata, ningekaa ofisini na nani? Sehemu F, vibao vingi vya namba vimeng'olewa na wauza vyuma chakavu. Bi Futi alihesabu kwa hatua, akapima, akarudi nyuma, akahesabu upya. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, akasema, tulizika kwa kurukaruka mistari.

Saa nane wakafikia makaburi mawili yaliyo pamoja, hayana kibao. Bi Futi akasema: ni mojawapo ya haya. Zaidi ya hapo nitakudanganya.

Yule bwana akasimama katikati. Akatazama la kulia, akatazama la kushoto. Akasema, "Basi nitawasalimia wote wawili." Akapiga magoti palepale katikati, mkono mmoja huku, mwingine kule.

Wakati wa kuagana Bi Futi akamshika mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeharibu mashine."

Mbele yangu. Nilikuwa nimemshikia huyo bwana mkoba wake. Nikaangalia zipu ya mkoba.

Alhamisi, 7 Machi

Diski ya nakala. Kila Ijumaa natakiwa kunakili kumbukumbu zote kwenye diski ya pembeni, nifungie kabatini. Leo Mkuu ameiuliza.

Nimeifungua chooni kwenye kompyuta ndogo ya mke wangu, niliyokuja nayo kazini, ingawa nilijua. Misimu mitano ya tamthilia. Makaburi niliyafuta mwezi wa kumi na moja ili kupata nafasi. Nilisema nitanakili tena wiki inayofuata.

Nimemwambia Mkuu nayo haisomeki. Kirusi, nikasema.

Sikula mchana wala jioni. Mwanangu mdogo kaniuliza kama naumwa jino.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ni siku ambayo ningependa kuirarua kutoka kwenye kalenda.

Asubuhi fundi aliyetumwa na makao makuu alikuja. Mwanamke wa makamo, mkoba wa bisibisi, maneno machache. Aliwasha mara moja tu, akatazama, akazima. Akauliza nani alijaribu kutengeneza. Nikasema mimi, kidogo. Akasema "mm". Akatoa skrubu nne, akabeba boksi zima. Akachukua namba yangu kwa kuwa ndiye Mtaalamu.

Baadaye Mkuu akamwita Bi Futi. Alipotoka alikuwa na karatasi tupu mkononi. Anatakiwa aandike maelezo. Na kuanzia Jumatatu haingii ofisini. Atakaa getini, kufungua na kufunga, mpaka Julai. Hakulia. Alifuta meza yake, akapanga kalamu zake kwenye kopo.

Kisha akavuta kiti hadi kwangu.

"Niandikie wewe, mwanangu. Wewe unayajua maneno ya hiyo mashine. Na mkono wangu siku hizi unatetemeka, watadhani nilikuwa naogopa."

Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa, feni inazunguka. 

Nikaandika. Yeye anasema, mimi naandika, kama miezi ile saba. "Mimi mwenye sahihi hapa chini nilibonyeza kitu nisichokielewa, kwa uzembe..."

Nikasimamisha kalamu. Nikasema, Mama, neno uzembe tuliache.

"Andika. Ndivyo ilivyokuwa."

Nikaandika uzembe. Kwa mwandiko wangu mzuri, wa kulala kidogo kulia. Hata koma nilimwekea. Akasoma, akasema ahsante, yamekaa vizuri. Akatia sahihi. Ilimchukua muda.

Nilipomaliza nilinawa mikono kwa sabuni. Wino haukuwepo.

Jumapili, 10 Machi

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Nilianza na flashi, nikaenda hadi mwisho, bila kumwangalia. Aliendelea kukunja.

Nilipofika kwenye maelezo akaacha.

"Ukaandika wewe?"

"Yeye ndiye aliyeniomba."

"Sikuuliza aliyeomba. Nimeuliza aliyeandika."

"Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, ningepata pa kujitetea. Alichukua soksi za mtoto, akatafuta ya pili, akaikosa, akakaa na ile moja mapajani. Mwishoni akasema: huyo mama alikuja mwanao alipolazwa. Alikaa na mimi siku mbili hospitalini. Wewe ulikuwa safarini.

Nilikuwa nimesahau.

Akasema kesho utasema. Nikasema ndiyo, kesho, kitu cha kwanza.

Jumatatu, 11 Machi

Sikusema kitu cha kwanza. Mkuu alikuwa na wageni. Kisha alikuwa kwenye simu. Kisha alikuwa peke yake kabisa, mlango wazi, anakula karanga, na mimi nikapita mara tatu na karatasi mkononi kana kwamba nina kazi.

Bi Futi yuko getini kwenye kiti cha plastiki. Wafiwa wanaingia, anasimama, anawapa pole, anainua chuma cha geti. Wachimbaji wakimpita wanamuuliza wachimbe wapi! Anawaelekeza kwa kidole, hapohapo alipo. Asubuhi kanipungia. Nami nikampungia.

Saa tisa simu ikalia. Fundi.

"Kaka, habari njema. Faili zote zipo. Diski ni nzima."

Nikakaa juu ya ngazi. Elfu tisa na ushee, wote wapo! Nikasema ahsante labda mara kumi. Akanieleza: kirusi kilijificha kwenye sehemu ya mwanzo ya diski, ile inayoiambia mashine ianzie wapi. Aliyesafisha alikifuta pamoja na sehemu yenyewe. Ni sawa na kung'oa jino pamoja na taya, akasema. Ameirudisha. Kesho asubuhi inakuja, inawaka.

Nikamwambia Mungu akubariki.

"Subiri. Ile programu ya kusafisha inaweka kumbukumbu ya kila ilichofanya. Imefuta Jumatatu tarehe nne, saa saba kasoro dakika nane mchana. Kwa hiyo ile hadithi ya kisanduku cha Ijumaa, niliyoambiwa na Mkuu wenu, haihusiki. Nimemwandikia hivyo kwenye ripoti."

Nikainuka kwenye ngazi.

"Jina halipo," akaendelea. "Mashine haimjui aliyekaa kwenye kiti." Kisha akauliza: "Wewe unamjua?"

Nikamwambia mtandao unakatakata. Nikakata mimi.

Jumatatu ile, saa hiyo, Bi Futi alikuwa sehemu D ameshika ncha ya futi. Watu arobaini walimwona. Ofisi hii ina viti viwili.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwenye benchi la korido, nje ya mlango wa Mkuu. Mikono inataka kazi.

Mashine imerudi saa mbili. Imewaka vizuri tu, wala haina kinyongo. Bi Futi kaitwa kutoka getini aje aone. Aliandika jina la mama wa yule bwana kwa kidole kimoja, taratibu. Sehemu F, mstari wa kumi na mbili. La kushoto! Akapiga makofi. Akanishika bega, akasema umenipigania, mwanangu, najua hukulala.

Nikasema, Mama, nina neno. Akasema niambie. Na hapo Mkuu akatokea na ripoti mkononi. Bi Futi aingie kwanza. Mimi nisubiri zamu yangu.

Mlango hawakuufunga. Kutoka hapa namwona Bi Futi upande, mikono mapajani, viatu vina vumbi la geti. Mkuu anasoma kwa sauti, anarukaruka yale maneno ya kitaalamu. Amefika kwenye saa. Amerudia: saa saba kasoro dakika nane, Jumatatu.

Anamuuliza: saa hiyo ulikuwa ofisini?



Bi Futi amegeuka. Ananiangalia. Si kwa hasira — ananiangalia kama anavyoangalia kiwanja kabla ya kupigilia kigingi, polepole, pembe hadi pembe. Nimeshindwa kuinamisha kichwa. Nimeshindwa na kukitikisa. Sasa anajua. Naliona linaingia, linakaa.

Amemgeukia Mkuu.

"Nilirudi mara moja," amesema. "Nilisahau miwani."

Hana miwani! Miaka kumi nakaa naye chumba kimoja, hajawahi kuvaa miwani. Mkuu hajui. Mkuu amesema aa, kumbe. Anataka maelezo yabadilishwe, iandikwe Jumatatu badala ya Ijumaa, atie sahihi upya. Amesukuma karatasi. Ni ileile, mwandiko wangu naujua hata kutoka hapa.

Mkuu anapapasa mezani, anafungua droo, anafunga. Anaita nje, bila kuinua kichwa:

"Mtaalamu! Una kalamu hapo?"

Ninayo. Ni hii.